Nilimwambia Baba Amekula

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa moja tu: mbwa wetu aliacha kula kwa sababu alikuwa amefungwa kamba, au kulikuwa na kitu kingine ndani yake? Nililigeuza kitandani mpaka nikasikia adhana ya alfajiri, kisha nikaendelea kuligeuza nikichota maji, nikifagia ua, nikisugua sufuria. Mbwa mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Na mtoto wa jirani alikuwa na alama nne za meno yake juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi saba kabla ya hapo na kurudi nyumbani Isiolo kungoja barua ya kupangiwa shule ya kufundisha. Barua haikuja. Watu waliniuliza habari zake kwanza kwa heshima, halafu kwa huruma, mwishowe kwa mzaha. Vijana waliouza miraa kwenye kona yetu waliniita Digrii.

"Digrii! Barua imefika ama imeshukia Nanyuki kunywa chai?"

Kila asubuhi nilikwenda posta na mbwa akanifuata. Aliketi nje kwenye kivuli cha ukuta, na nilipotoka mikono mitupu aliinuka tukarudi pamoja. Katika mtaa mzima ni yeye peke yake ambaye hakuwa na swali. Baba alikuwa amemleta akiwa mdogo, nilipokuwa kidato cha tano, ameachwa na wachungaji waliopita na ng'ombe zao. Hakuwa na jina. Kwetu Waturkana fahali hupewa jina na kuimbiwa, lakini mbwa huitwa kwa mluzi, na mluzi wa kila mtu ni tofauti. Wangu alikuwa akiujua hata ng'ambo ya barabara kuu, malori yakinguruma.

Baba alifanya kazi karantini, mahali ambapo ng'ombe kutoka kaskazini walizuiliwa na kuangaliwa kabla ya kuruhusiwa kuendelea kusini. Kazi yake ilikuwa kuangalia midomo. Nani amekula, nani amekunywa, nani amesimama pembeni na kichwa chini. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, lakini wakubwa wake waliamini macho yake. Alizoea kutuambia kwamba mnyama hasemi uongo kwa mdomo wake, na kwa hivyo anayemwangalia asiseme uongo badala yake. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuyasikia.

Siku ya Jumatatu, nyuma ya jiko, mbwa alikuwa akitafuna mfupa wa mbuzi. Msichana wa jirani, wa miaka saba hivi, alipita chini ya ua kufuata mpira wake wa matambara. Mpira ulikuwa umeingia katikati ya miguu ya mbele ya mbwa. Alinyoosha mkono kuuchukua. Nilisikia sauti mbili kwa pamoja, mlio wa mbwa na mlio wa mtoto, na nilipofika mkono ulikuwa tayari unatoka damu.

Mama yake, Mborana aliyeuza maziwa sokoni, aliruka ua akiwa bado na kibuyu begani. Hakupiga kelele. Alimburuta mtoto hadi kwenye pipa letu la maji na kuanza kuosha, mara ya kwanza kwa mchanga, mara nyingine kwa maji, akihesabu kwa sauti mpaka saba, kama dini yake inavyomwagiza kwa mate ya mbwa. Mama yangu naye alikwisha kushika mkasi.

"Nikatie manyoya ya mgongoni," aliniambia. "Haraka, kabla hajakimbia."

"Manyoya ya nini?" jirani aliuliza.

"Yanachomwa. Majivu yanapakwa hapo na mafuta ya kondoo. Mbwa mwenyewe ndiye dawa yake."

"Nimeosha mara saba, sasa unataka kunirudishia mbwa tena?"

"Si mbwa, ni majivu."

"Majivu ya nini?"

"Ya mbwa."

Mtoto, aliyekuwa akilia, alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Hatimaye walikubaliana: majivu yakapakwa, kisha yakafutwa mara moja, kila mama akaona njia yake imefuatwa. Mimi niliyesoma miaka mitatu Nairobi ndiye niliyekata manyoya yale, na nilifurahi kuyakata. Nilitaka jambo liishe.

Baba alirudi jioni. Alimwangalia mbwa kwa muda mrefu, kisha akaenda kwa jirani, nami nikiwa nyuma yake.

"Mama, habari ya mtoto?"

"Anacheza. Nimeuliza hospitali. Wanasema ni sindano za tumboni, nyingi, moja kila siku. Wanasema kama mbwa anajulikana, kwanza aangaliwe."

"Wamesema kweli. Tutamfunga siku kumi. Mbwa mwenye kichaa hamalizi siku kumi. Akimaliza mzima, ilikuwa ni wivu wa mfupa tu."

"Na akibadilika?"

"Akikataa chakula, akikataa maji, sauti ikibadilika, siku hiyohiyo naita askari mwenye bunduki na mtoto anaanza sindano. Huyu binti yangu ndiye atamwangalia." Alinionyesha kwa kidevu. "Mimi niko kazini mchana. Yeye ana macho ya kusoma."

Mama wa mtoto alinitazama. "Sawa, mwalimu," alisema. Ndiye pekee aliyeniita mwalimu kabla sijawa mwalimu.

Tulimfunga kwenye mti wa mgunga ulio nyuma ya nyumba. Hakuwa amewahi kufungwa maishani mwake. Usiku huo alikunywa maji. Jumanne alikula nusu ya ugali wake na kulia siku nzima, kilio kirefu kilichowafanya vijana wa miraa waje kuchungulia. Jumatano hakugusa kitu. Nilisogeza bakuli, akageuza uso. Nilisogeza maji, akayanusa, akalala.

Nilikaa kwenye jiwe mbele yake nikifanya hesabu. Kama ni kamba, ameudhika tu, kesho atakula. Kama si kamba, basi. Lakini mbwa yeyote aliyezoea kutembea angekataa chakula siku ya pili ya kufungwa. Lakini Jumanne alikula. Lakini Jumanne njaa ilikuwa ya Jumatatu. Niliendelea hivyo mpaka kivuli cha mti kikazunguka upande wa pili. Nilichokijua kwa hakika kilikuwa kimoja: nikimwambia Baba, askari atakuja jioni hiyo, na atampiga risasi akiwa amefungwa, akinitazama mimi.

Saa kumi na moja nilimwaga ugali kwa kuku na maji kwenye shina la mti. Baba aliingia akiwa bado na vumbi la ng'ombe kwenye nyusi.

"Amekula?"

"Amekula."

"Amekunywa?"

"Ndiyo."

Hakwenda hata kulitazama bakuli. Aliniamini.

Alhamisi ilikuwa vilevile, ila sauti yake ilikuwa imekauka. Kilio kilitoka kama kikohozi. Nilijiambia kwamba mtu yeyote aliyelia siku tatu angekauka koo. Nikamwaga chakula tena, nikasema tena, amekula. Jioni hiyo mama wa mtoto aliniuliza kutoka ng'ambo ya ua, "Mwalimu, anakula?" Nikasema anakula. Mara hiyo haikuwa ngumu kama ya kwanza, na jambo hilo liliniogopesha kuliko uongo wenyewe.

Ijumaa alfajiri nilimfungua. Nilipanga kumtembeza kidogo tu, nione kama atakunywa kwenye mtaro wa bomba, ili nipate jibu. Nilishika kamba, lakini fundo la shingoni lililegea, akaniponyoka. Nilipiga mluzi. Hakugeuka. Hilo nalo nimelihesabu mara nyingi, kwamba hakugeuka. Alikimbia moja kwa moja mpaka barabara kuu, na lori la ng'ombe lililotoka Marsabit halikupata hata nafasi ya kupunguza mwendo.

Baba alifika akivaa shati. Alimgeuza mbwa kwa mguu, taratibu, akamfungua mdomo na kuuangalia, akaufunga.

"Fundo lililegea," nilisema.

"Nimeona." Aliinuka. "Ni bahati mbaya. Lakini alikuwa anakula. Hilo ndilo la maana."

Akaenda mwenyewe kumwambia jirani: mbwa amekufa, ameuawa na gari, si ugonjwa, siku nne ameangaliwa na alikuwa mzima. Jirani aliitikia. Neno la baba yangu juu ya mnyama lilitosha mtaa mzima, na neno la baba yangu lilikuwa limejengwa juu ya langu. Vijana wawili walimvuta mbwa kwa kamba ileile mpaka kwenye korongo kavu nyuma ya mtaa. Kesho yake fisi hawakuwa wamebakisha kitu. Kwa hiyo hata ushahidi haukuwepo.

Watu waliona kwamba nimechanganyikiwa na wakadhani wanajua sababu. Sikuweza kula. Asubuhi nilifika mlangoni kwenda posta, nikasimama kumngoja, kisha nikarudi ndani. Mara mbili nilitenga ugali wake bila kujua, na mama aliuona ukiwa umewekwa kando ya sufuria.

"Lia," aliniambia, "hakuna mtu amekukataza. Lakini mlilie ndani ya nyumba. Watu wakikuona unalilia mbwa, siku nikifa mimi utawaonyesha nini kipya?"

Vijana wa kona hawakuwa na upole hata huo.

"Pole, Digrii. Matanga ni lini? Tuchange?"

"Ng'ombe wa kuchinja tutoe wapi, baba yake amewafungia wote karantini!"

Walicheka, na nilitamani kosa langu liwe hilo walilolicheka. Ukweli ni kwamba wiki ile sikumlilia mbwa hata kidogo. Kila nilipomkumbuka akiwa hai, ukutani mwa posta, ulimi nje, kumbukumbu iligeuka kuwa uchunguzi. Je, ulimi ulikuwa unatoka zaidi ya kawaida? Mwezi uliopita, alipotokomea usiku mmoja na kurudi na mkwaruzo puani, mkwaruzo ulitoka wapi? Nilikuwa nimempoteza rafiki na badala ya kumwomboleza nilikuwa namshtaki, kisha namtetea, kisha namshtaki.

Halafu kulikuwa na mtoto. Alikuja kila siku, kwa sababu mama yangu alimpa maandazi. Nilianza kumpa maji. Nilijaza kikombe, nikampa, nikatazama koo lake likipanda na kushuka. Akimaliza nilipumua. Saa moja baadaye nilimwita tena.

"Kunywa kidogo."

"Nimeshiba maji."

"Kunywa tu, jua ni kali."

Alikwenda kumwambia mama yake kwamba mwalimu anapenda sana kuwapa watu maji. Nilijua fika kwamba jaribio langu halina maana. Nilikwisha kusoma mahali kwamba ugonjwa ule hukaa kimya mwilini majuma, hata miezi, na siku mtu anapoanza kuogopa maji hakuna sindano inayomsaidia tena. Nilikuwa nangoja dalili ambayo ikija, imechelewa. Niliyajua hayo yote na bado nilijaza kikombe.

Alhamisi ya wiki ya pili alinijia akiwa amesukwa nywele upya.

"Jumamosi tunaenda Garbatulla," alisema. "Kwa akko wangu. Shule imefungwa, tutakaa mwezi mzima. Ana ngamia mwenye mtoto."

Akko ni nyanya yake. Kutoka Garbatulla mpaka hospitali yetu ni siku nzima kwenye lori, ikiwa lori lipo, ikiwa barabara haijakatwa na mvua. Mkono mmoja aliutumia kunieleza ukubwa wa ngamia, na huo ndio uliokuwa na alama nne, zimekauka, nyeusi kidogo kwa majivu.

Ijumaa nzima nilitafuta njia ambayo ingefikisha habari bila kunifikisha mimi. Nilifikiria kumwandikia mama wa mtoto barua isiyo na jina. Niliandika hata mistari mitatu, ndipo nikakumbuka kwamba hajui kusoma, na barua zake zote huniletea mimi nimsomee. Nilifikiria kumwambia kwamba nimesoma kitabuni kwamba mtoto aliyeumwa na mbwa achomwe sindano hata kama mbwa alikuwa mzima. Lakini angemuuliza Baba, na Baba angesema, kwa nini mtoto achomwe tumboni bure, mbwa alikuwa anakula. Nilifikiria kunyamaza. Hilo ndilo nililolifikiria kwa muda mrefu zaidi, na sitalificha. Huenda mbwa alikuwa mzima. Huenda ilikuwa kamba. Nikisema, nitampa mtoto sindano za maumivu labda bila sababu, nitamwaibisha Baba kwa hakika, nami nitakuwa msomi aliyemdanganya mama wa watu kwa ajili ya mbwa. Nisiposema, labda hakuna kitu. Lile neno labda nililipima usiku kucha, na kila nilipoliweka upande wa mtoto lilikuwa zito kuliko nilipoliweka upande wangu.

Jumamosi asubuhi Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda akivaa buti zake za mpira. Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu, yenye utangulizi.

"Baba, mbwa hakula."

Mkono wake ulisimama kwenye buti.

"Siku gani?"

"Jumatano. Na Alhamisi. Na maji hakunywa. Na sauti ilibadilika. Niliogopa utamwita askari."

Hakuinua kichwa. Niliona shingo yake tu, na mshipa mmoja. Nilingoja anipige, ingawa hakuwa amenipiga tangu nikiwa mdogo.

"Lori la Garbatulla linaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Sasa ni saa ngapi?"

"Saa mbili kasorobo."

"Basi kwa nini unasimama hapa unaniambia mimi?"

Nilikimbia. Nilipita kona ya miraa nikiwa na kandambili mkononi, na mmoja akapiga kelele, "Digrii, barua imekuja?" Lori lilikuwa limesimama karibu na soko la mifugo, limejaa magunia ya unga na watu juu ya magunia, injini inanguruma. Mtoto alikuwa juu kabisa, ameshikwa na mama yake. Aliponiona alinipungia.

"Mama!" niliita. "Mshushe mtoto!"

"Nini?"

"Mshushe!"

Dereva alitoa kichwa. "Dada, kama ni mzigo, leta upesi. Kama ni maneno, ngoja wiki ijayo."

Nilipanda gurudumu na kushika ubao wa pembeni, ili nisiyaseme kwa kelele. Lakini injini ilinilazimu kupaza sauti, na watu wote wa juu ya magunia wakasikia. Nilisema kwamba mbwa hakula siku mbili. Nilisema kwamba nilimwaga chakula kwa kuku. Nilisema kwamba Baba hakujua, ni mimi. Nilisema hospitali bado iko wazi, mtoto aanze sindano leo.

Mama wa mtoto alinitazama. Kisha akaanza kuhesabu, polepole, kwa vidole.

"Ijumaa ile, Jumamosi, Jumapili…" Alifika nane. "Siku nane umenisalimia."

"Ndiyo, mama."

"Siku nane unampa mtoto wangu maji."

Mzee mmoja kwenye magunia alisema neno kwa Kiborana, mwingine akamnyamazisha. Mama alifungua kitenge alichokuwa amemfungia mtoto, akamteremsha kwangu kwanza, kwa sababu nilikuwa karibu, kisha akashuka mwenyewe. Dereva alirusha kifurushi chao chini bila kungoja kuulizwa.

Tulikwenda hospitali kwa miguu. Yeye alitangulia, mimi nikambeba mtoto, maana njia ilikuwa na mawe na viatu vyake vipya vilikuwa ndani ya kifurushi. Tulikaa kwenye benchi. Baba alifika baada yetu, akavua kofia, akazungumza na mganga mlangoni kwa sauti ya chini. Nilimwona akieleza na kuonyesha kifua chake mwenyewe, kama kwamba ni yeye aliyekosea. Mganga alisema sindano za siku tatu zipo na nyingine zitaagizwa Meru. Alisema pia kwamba kuoshwa mara saba kulikuwa jambo jema kuliko yote yaliyofanyika, na mama wa mtoto akageuza uso asionekane.

Mtoto alinivuta kitambaa.

"Mbwa alikuwa mgonjwa?"

"Sijui."

"Aliumia gari lilipomgonga?"

"Sijui. Nadhani ilikuwa haraka."

"Alikuwa anapenda posta," alisema. "Nilikuwa nawaona mkienda."

Hapo ndipo nilipomlilia mbwa, hadharani, kwenye benchi la hospitali, mbele ya watu wenye kifua na wenye malaria. Sikuwa na swali lolote juu yake tena, au nilikuwa nalo lakini lilikuwa limetoka mikononi mwangu. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Muuguzi aliita. Ndani, mtoto alipoona sindano alianza kurusha miguu, na mama yake peke yake hakuweza kumtuliza. Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tutoke kwenye lori.

"Njoo hapa," alisema. "Shika miguu."

Nikaingia, nikashika.